Studio imfuate mpigaji

Vijana wanaoanza kutengeneza muziki hapa Nairobi huniuliza kama wanunue laptopu au tableti, na wengi wao huwa wameshapanga bei kichwani kabla ya kufungua mdomo. Mimi huwarudishia swali: utamrekodi nani, na mtu huyo anaishi wapi? Kama ni wewe na biti zako chumbani, laptopu itakufaa, tena sana. Lakini kama unataka kurekodi watu wengine, hasa watu wazima wenye ala zisizo na tundu la kebo, chukua tableti. Nasema hivyo kwa sababu kazi ninayoipenda kuliko zote ni kurekodi wapiga nyatiti na orutu, ala za nyuzi za Waluo, na kwaya ndogo ndogo za Eastlands, mitaa ya mashariki mwa jiji, na kazi hiyo haikuninogea mpaka nilipoanza kuiacha laptopu nyumbani.

Tangu zamani katika jiji hili, mwanamuziki ndiye anayefunga safari. Miaka ya 1960 akina Fadhili William na Daudi Kabaka walirekodi Equator Sound. Muongo uliofuata wapiga benga walipanda basi kutoka Nyanza na magitaa yao, wakaja River Road ambako lebo ndogo ndogo na maduka ya santuri yalikuwa yamebanana. Kompyuta zilipoanza kupatikana, mambo yalibadilika kiasi. Clemo na Jua Cali walianzisha Calif Records mwaka 2000 katika mtaa wa California, huku huku Eastlands, na genge, rap ya Kiswahili cha mitaani, ikapata kwao. Studio ikawa imetoka katikati ya mji ikaingia mitaani, na hilo lilikuwa jambo kubwa ambalo kizazi changu kinakula matunda yake hadi leo. Hata hivyo, chumba kiliendelea kuwa cha prodyusa. Msanii anabisha hodi, anasubiri zamu, anavishwa hedifoni, anaonyeshwa pa kusimama. Kwa kijana wa kuchana mistari hilo halina shida, amelelewa humo. Kwa mpiga nyatiti wa miaka sabini, linaua muziki.

Tuitazame nyatiti yenyewe kidogo. Ina nyuzi 8. Mpigaji huketi kwenye kigoda kifupi, ala ikiwa imelala sakafuni mbele yake. Kwenye kidole gumba cha mguu amevaa pete ya chuma, na kwa pete hiyo hugonga mti wa ala kuupata mdundo. Mguuni amefunga njuga. Mikono inakwanyua nyuzi, mdomo unaimba, mguu unapiga ngoma, njuga zinajibu. Ni mtu mmoja anayefanya kazi ya bendi nzima, na vyote hivyo vinategemeana. Ukimwambia arekodi nyuzi kwanza, kisha arudi kuweka sauti, kisha mguu, umeshamvunja. Nimemwona mzee mwenye sifa kubwa akishindwa kumaliza ubeti mmoja ndani ya studio nzuri iliyobandikwa sponji ukuta mzima, eti kwa sababu alikatazwa kutikisa mguu. Mzee huyo huyo nikamfuata kwake Kariobangi South, nikamkuta ametulia, na wajukuu mlangoni.

Mchana ule stima ilipotea tukiwa bado tunapiga stori, na hapo ndipo nilipoelewa tableti imenipa nini. Kariobangi pana eneo la viwanda vidogo, na kwa kawaida kuna grainda inayokata chuma mahali fulani, mashine ya kuchomelea, redio tatu kwa pamoja na televisheni ya jirani. Stima ikienda, vyote hivyo vinanyamaza kwa wakati mmoja. Mtu mwenye kompyuta ya mezani angeanza kufunga vitu vyake. Mimi nilitoa tableti kwenye mkoba, nikachomeka intafesi ndogo ya USB, kile kisanduku cha kuunganisha maiki, inayokula umeme kutoka humo humo, nikasimamisha maiki mbili: moja ya kondensa, aina inayohitaji umeme, karibu na ngozi ya nyatiti, nyingine usawa wa mdomo wa mzee, nikiisogeza kando kidogo ili isichukue pumzi. Nikamwambia, "Mzee, ukiwa tayari." Akanijibu, "Kijana wangu, mimi nilikuwa tayari kabla hujazaliwa," akaanza.

Apple husema iPad hukaa na chaji kwa takriban saa 10 za kutazama video au kuperuzi intaneti. Ukiibebesha intafesi na volti 48 za maiki ya kondensa, muda huo unapungua sana, lakini alasiri nzima ya kurekodi inatoshea. Kuna jambo jingine ambalo watu hawalitaji vya kutosha: iPad haina feni. Laptopu nyingi zikianza kufanya kazi ngumu hupuliza, na maiki iliyo hatua mbili kutoka hapo husikia kila kitu. Tableti unaweza kuiweka sakafuni karibu kabisa na ala, nayo ikakaa kimya. Ila usiiache kwenye jua wala juu ya meza chini ya mabati saa saba mchana, maana ikipata moto kupita kiasi hujizima yenyewe, na kazi isiyohifadhiwa inaweza kupotea hapo.

Wapo wanaosema tableti ni kitu cha watoto kuchezea. Hoja hiyo ilipitwa na wakati zamani. iPad ya kwanza ilitoka Aprili 2010, na kabla mwaka huo haujaisha Damon Albarn wa bendi ya Gorillaz alikuwa ameshatengeneza sehemu kubwa ya albamu juu yake akiwa ziarani Marekani. Wakati huo hata GarageBand ya iPad, apu ya Apple ya kutengeneza muziki, ilikuwa haijatoka, ilikuja Machi 2011. Steve Lacy, mwanamuziki wa Marekani, alijulikana kwa kutengeneza nyimbo kwenye simu, si hata tableti, na kazi yake ya namna hiyo ikaingia kwenye albamu ya Kendrick Lamar ya 2017. Mwaka 2015 ndio uliofungua mlango zaidi, kwa maoni yangu, kwa sababu iOS 9, programu endeshi ya Apple, ilileta mfumo wa AUv3 unaoruhusu ala na madoido ya kampuni tofauti kufunguka ndani ya programu moja, kama plagini, zile programu ndogo za nyongeza, zinavyofanya kwenye kompyuta. Kabla ya hapo tulikuwa tunaunganisha apu kwa Audiobus, nayo ilikuwa mkombozi wetu tangu 2012. Leo mimi hurekodia kwenye AUM, ambayo ni kama meza ya miksi tupu: kila maiki ina mstari wake, unaweka unachotaka juu yake, unabonyeza kurekodi. Haikuulizi tempo wala haikulazimishi mlio wa kuhesabu. Mpiga nyatiti ana mwendo wake, unapanda akipandwa na wimbo na kushuka akitaka kusikika maneno. Sitaki mashine imwambie vinginevyo.

Suala la uchelewaji wa sauti, yaani muda kati ya kupiga na kusikia, lina hesabu yake, na inafaa kuijua kabla ya kununua chochote. Sauti inapoingia kwenye mashine hukusanywa kwa mafungu. Fungu la sampuli 128, yaani vipimo vidogo vya sauti, kwenye kasi ya 48,000 kwa sekunde ni takriban milisekunde 2.7. Ukijumlisha kuingia, kutoka na kazi ya intafesi, mara nyingi unabaki karibu na milisekunde 10, na kwa muda huo sauti angani husafiri mita tatu na kidogo. Hakuna mpigaji anayelalamika kwamba spika iko mita tatu kutoka kwake. Lakini mvishe hedifoni za bluetooth, uchelewaji utaruka hadi milisekunde 100 au 200, naye ataanza kujikanyaga. Waya, kila siku waya. Upande wa Android, tatizo hili lilikuwa sugu kwa miaka mingi. Google waliongeza njia mpya ya sauti iitwayo AAudio kwenye Android 8 mwaka 2017, na sasa kuna tableti zinazofanya vizuri, ila zinatofautiana sana toleo hadi toleo. Ukiwa dukani fungua apu ya ngoma, gonga kioo, sikiliza. Kama kidole na mlio vinaachana, rudisha tableti kwa mwenye duka.

Lakini kitu kilichonifunga kabisa na tableti ni kioo chenyewe. Nyatiti haifuati tuni ya piano. Nikirudi nyumbani na rekodi, nikitaka kuongeza besi au sinthi, ala ya kielektroniki, chini yake, kila noti ya kibodi inagombana na uzi mmoja au mwingine. Wengi hulitatua hilo kwa kuinyoosha nyatiti ifuate piano. Programu za leo zinaweza, na matokeo yake yanasikika kila mahali: nyatiti iliyopoa. Siku moja nilimfungulia yule mzee apu ya sinthi isiyo na vitufe, uso mtupu ambao kidole kinateleza kutoka sauti ya chini hadi ya juu bila kituo. Nikamwomba akwanyue uzi mmoja kisha autafute mlio wake kwenye kioo. Aliinama, akaweka kidole chenye sugu, akakisogeza pole pole kama mtu anayetafuta stesheni ya redio, akasimama. "Hapa." Nikaandika namba ya mlio huo. Tukaendelea hadi uzi wa mwisho. Uzi wa tatu uliangukia karibu katikati kabisa ya noti mbili za piano, mahali ambapo kibodi haina chochote cha kukupa. Alipomaliza aliurudia uzi huo mara nyingine, akasahihisha kwa unywele tu, akatikisa kichwa kwamba sasa sawa.

Namba hizo niliziingiza kwenye Synth One, sinthi ya bure iliyotoka 2018, ambayo ina sehemu ya kubadilisha tuni. Tangu hapo nina besi inayokaa chini ya nyatiti bila kuisukuma. Kompyuta pia inaweza kubadilisha tuni, sikatai. Lakini siwezi kumpa mzee kipanya cha kompyuta nikamwambia atafute uzi wake kwa kuburuta mstari mwembamba kwenye skrini. Kidole juu ya kioo hakikuhitaji kufundishwa. Mpigaji akaingia kwenye utengenezaji wa sauti, akawa mwamuzi wa tuni yake mwenyewe, na hilo sijaliona likitokea mbele ya laptopu.

Vijana nao wameligeuza jambo hili kwa namna yao. Koala Sampler, ambayo ipo kwa iPad na kwa Android, na bei yake ni ndogo, inakuruhusu kushikilia pedi moja na kurekodi chochote kinacholia mbele yako, ukiachia tayari ni mlio wa kupigwa. Niliwakuta vijana wawili kwenye steji ya matatu Umoja wakinasa kondakta anavyogonga bodi kumwambia dereva aondoke. Kiganja kwenye bati: mlio mfupi, mkavu, wenye uzito chini. Wakaufanya kuwa kiki, ngoma nzito ya chini, ya wimbo wao. Tableti zao mbili zilikuwa zimeunganishwa kwa Ableton Link, ambayo hulinganisha tempo ya vifaa kupitia Wi-Fi. Hotspoti ya simu ilitosha, wala haikula bando maana mawasiliano yenyewe ni ya hapo kwa hapo.

Sasa upande wa pili, maana sitaki mtu auze laptopu yake kwa sababu yangu. Kumiksi wimbo wenye treki nyingi kwenye tableti kunachosha. Skrini ni ndogo, kidole kinafunika kile unachojaribu kurekebisha, na kuchora mabadiliko ya sauti mstari kwa mstari bila kipanya kunamaliza subira. Kumbukumbu ikijaa, mfumo huifunga apu iliyo nyuma bila kuaga. Plagini nyingi ambazo wahandisi wa hapa mjini wamezizoea kwenye Windows hazijawahi kuja huku. Mafaili nayo yalikuwa balaa: kila apu ilijifungia yake, mpaka 2017 ilipokuja sehemu ya Files, na 2019 iPadOS ilipokubali diski za nje na flashi. Tundu ni moja pia. Intafesi, chaja na flashi vyote vinataka mahali pale pale, kwa hiyo utahitaji habu nzuri ya kuongeza matundu, na ikiwezekana yenye umeme wake, la sivyo iPad itakuandikia kwamba kifaa ulichochomeka kinakula umeme mwingi na itakikataa.

Ndiyo maana mimi sirudi kwenye hoja ya tableti dhidi ya laptopu. Narekodi na kutunga kwenye tableti, namaliza kwenye laptopu. Natoa kila treki peke yake, kwa ubora wa biti 24 na sampuli 48,000 kwa sekunde. Treki moja ya mono kwa kiwango hicho ni takriban MB 8.6 kwa dakika. Wimbo wa dakika tano wenye treki kumi unakaribia MB 432. Uhamishe kwa flashi au kebo, usichome bando.

Kwa anayenunua: wengi wetu tunanunua ex-UK, yaani zilizotumika Uingereza, kule Luthuli na Moi Avenue, na hakuna aibu ndani yake. Angalia prosesa kabla ya ukubwa wa skrini. Logic Pro ya iPad, studio kamili ya Apple, ilipotoka Mei 2023 ilitaka prosesa ya A12 au zaidi, yaani iPad ya kawaida ya kizazi cha 8 ya mwaka 2020, Air ya 2019 au Pro ya 2018 kwenda mbele. Iliingia sokoni kwa dola 4.99 kwa mwezi au 49 kwa mwaka. Kadi ya M-Pesa GlobalPay inaweza kulipia vitu vya aina hiyo, lakini ushauri wangu ni usikodi programu kabla muziki haujaanza kukulipa. GarageBand ni bure. AUM unainunua mara moja. Cubasis, apu nyingine ya kurekodi, vile vile unainunua ikawa yako, na tangu 2020 ipo hata kwa Android. Kizazi cha 9 cha mwaka 2021 ndicho cha mwisho cha iPad ya kawaida chenye tundu la hedifoni, nami nakipenda kwa sababu hiyo tu: siku umesahau intafesi bado unaweza kusikiliza kwa waya. Hakikisha muuzaji ameifuta mbele yako na umeingia kwa akaunti yako mwenyewe kabla pesa haijatoka. Tableti iliyofungwa na akaunti ya mtu wa Uingereza ni kioo cha kujitazamia.

Kuna jambo moja zito linalokuja na urahisi huu. Zamani mtu akienda River Road alijua anakwenda kurekodi. Sasa mimi naingia sebuleni kwa mtu na kitu kinachofanana na daftari, nakiweka sakafuni, na kabla chai haijapoa nimeshachukua wimbo wa ukoo wake. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inampa mpigaji haki juu ya uigizaji wake, na kurekodi onyesho lake kunahitaji ridhaa yake. Kwa hiyo nabeba karatasi ya ukurasa mmoja. Naisoma kwa sauti, na mjukuu anaitafsiri kwa Kijaluo panapohitajika: nini kinarekodiwa, kitatumika wapi, pesa ikija itagawanywa vipi, na kwamba anaweza kukataa hata baada ya kupiga. Tunatia saini nakala mbili kabla sijachomoa maiki kwenye mfuko. Kuna prodyusa wenzangu wanaoniambia karatasi hiyo inaharibu hali ya hewa. Sijaona ikiharibu chochote. Wazee wengi huketi vizuri zaidi baada yake, kwa sababu wengi wao wana hadithi ya kaseti iliyouzwa nchi nzima wasione shilingi.

Na siondoki na rekodi peke yangu. Wazee ninaowatembelea husikiliza muziki kwenye vile viredio vidogo vya memori kadi, ambavyo faili zito la studio haviliwezi. Kwa hiyo tukimaliza, nasawazisha sauti haraka haraka pale pale, natoa MP3, nachomeka kisomea kadi kwenye tundu lile lile la tableti, namwekea. Anaisikiliza nikiwa bado nimeketi, kwenye spika atakayoitumia kesho na keshokutwa, jirani zake wakiwa karibu na tayari kusema kama mstari fulani wa sifa umewasahau. Akisema turudie, maiki bado zimesimama.